Sura ya Tisa: Aliyetia Ndiye Aonjaye

Mkuu wa upelelezi aliisukuma hati ya mashtaka juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa Inspekta, kisha akaweka kalamu juu yake. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kalamu ikiwekwa mahali pake, mkono utaifuata wenyewe.

Hati ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yule msichana mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate, aliyekuwa mahabusu tangu juzi, alitia sumu ya panya kwenye donge la unga kwa makusudi, mtaa mzima ukaugua na mzee mmoja fundi saa akafariki. Kilichokosekana ni sahihi ya mpelelezi wa kesi. Ikipatikana, gari la mahabusu la alasiri lingempeleka Mkandaji gereza kuu, na kwa shtaka la kuua hakuna dhamana. Kesi za namna hiyo huota ukungu makabatini. Wanaoingia kule wakiwa wasichana hutoka na mvi, wakijaliwa kutoka.

"Siweki sahihi," Inspekta alisema.

Mkuu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai, akaanza kumtajia sababu kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Dada wa yule msichana alifukuzwa kazi kiwandani. Msichana akasimama mbele ya wenzake akasema mkate wa kiwanda hiki utawatokea watu puani. Siku chache baadaye watu wakaugua. Pakiti ya sumu ya panya ikakutwa kwenye kabati lake, na aliyewaonyesha polisi kabati lile ni Tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda, mtu wa heshima zake, aliyekijengea kituo hiki choo kipya.

"Unataka nini zaidi?" Mkuu aliuliza. "Akuimbie?"

"Hasira si sumu, afande. Ingekuwa sumu, mimi na wewe tungeshazikana."

Mkuu alirudisha miwani puani. Alimwambia kwamba gari likifika bila sahihi yake, atasaini yeye Mkuu, na kuanzia kesho Inspekta atapewa kazi ya kulinda baiskeli zilizookotwa, kule uani, karibu na choo hicho hicho. Inspekta aliitikia kwa heshima zote, akaiacha kalamu ilipo, akatoka.

Pale kwenye benchi la mapokezi alikaa mama wa Mkandaji, kanga ameikunja mapajani, macho yameelekea mlango wa selo. Alikuwa amekaa hapo tangu binti yake aingizwe ndani. Inspekta hakupenda kuwaahidi watu mambo asiyoyashika mkononi, kwa hiyo alimwambia neno moja tu, kwamba asiondoke.

"Niende wapi, mwanangu?" mama alisema.

Neno lile lilimchoma Inspekta kuliko vitisho vyote vya Mkuu. Akapandisha ngazi kwenda ofisini kwake huku meno ameyauma.

Kituoni walimpa jina la Bi Vipande, na hawakulitoa kwa mapenzi. Alikuwa na mdogo wake wa kiume anayeandika programu za kompyuta, kijana mwenye maneno kama kasuku, ambaye kila akija kula kwa dada yake humweleza namna kazi yake inavyokwenda. Kompyuta, alisema, ni mtumwa mwaminifu asiye na akili. Huwezi kuiambia ikutafutie mwizi. Lazima ulikate tatizo vipande vidogo vidogo mpaka kila kipande kiwe swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, utupe yasiyohusika, utazame kinachojirudia, kisha uvipange vipande kwa hatua ambazo hata mjinga akizifuata atafika. Inspekta alimsikiliza huku akiosha vyombo, akaona kijana anaeleza kazi ya polisi inavyopaswa kuwa. Tangu hapo hakuingia kwenye kesi bila kuikata. Wenzake walicheka. Aliwaacha wacheke, kwa kuwa kicheko hakijawahi kutegua kesi.

Sajini wake, bonge la mtu lenye moyo laini, alikuwa anamsubiri na uso wa msibani. Aliuliza kama wamfungie mizigo Mkandaji.

"Kaa," Inspekta alisema. "Wote humu wanauliza nani. Swali hilo ni kubwa mno, linatumeza. Sisi tunauliza wapi."

Akaanza kupanga vitu mezani, kimoja baada ya kingine: kikombe, kitambulisho chake, kifutio, funguo. Kikombe kilikuwa ghala la unga. Kitambulisho kilikuwa mashine ya kukandia. Akaendelea hivyo hadi tanuri, rafu za kupozea, mashine ya kukata mikate vipande, meza ya wanawake wanaofunga, na mwisho gari la kusambaza, ambalo lilikuwa kiatu cha Sajini kwa sababu vitu vilikuwa vimekwisha. Mkate huzaliwa kwenye kikombe na hufa kwenye kiatu, alisema, na njiani mahali pamoja uliingia ubaya. Kila kituo kina maswali mawili tu. Je, mikate yote iliyodhuru watu ilipita hapa? Je, upo mkate uliopita hapa usimdhuru mtu?

Sajini alitazama kiatu chake kwa huzuni. "Na ule ugomvi? Na ile sumu kabatini?"

"Vitie kwenye droo. Tukivihitaji tutavifungua."

"Vyote?"

"Vyote. Hata machozi ya mama yake. Machozi hayatuambii ubaya uliingilia wapi."

Ugumu ulikuwa kwenye lile swali la pili. Waliougua walijulikana, walijaa wodini. Lakini waliokula mikate ya siku ile wakabaki na afya zao, hao hakuna aliyewatafuta, maana mtu mwenye nguvu zake haendi hospitali kuripoti kwamba hajambo. Inspekta alisema wataanza kugonga milango mtaani, nyumba kwa nyumba, na kama ni lazima atabisha hata kwa mbwa. Sajini akakohoa. Akakohoa tena. Akatazama dari.

"Afande," alisema, "usinikasirikie. Mimi niliula."

Inspekta alimgeukia polepole.

Basi Sajini akafunguka. Asubuhi ile ile, kabla hajasikia habari ya mtu kuugua, alinunua mkate wa kiwanda kile dukani pale ng'ambo ya barabara, akautia kwenye chai na kuumaliza peke yake. Baadaye wito wa dharura ulipoingia, alikaa akisubiri kufa. Hakufa. Akaona aibu kusema kwamba amekula ushahidi.

"Wote?"

"Mkate mdogo tu, afande."

"Na tumbo?"

"Tumbo lilitaka mwingine."

Inspekta alicheka, mara ya kwanza tangu kesi ianze, kisha akakatisha kicheko kama mtu aliyekumbuka jiko linaungua. Donge la unga wa siku ile lilikuwa moja. Kama sumu ilikuwa kwenye donge, hata Sajini angekuwa wodini, na kitanda chake kingelalamika. Alichukua kikombe, kitambulisho na kile kifutio kilichosimama badala ya tanuri, akaviweka pembeni. Mkandaji hakuvuka tanuri kwa kazi yake. Msichana alikuwa ametoka kwenye kesi, na aliyemtoa ni mlafi.

Sasa likaja swali la tofauti. Mkate wa Sajini ulikuwa na nini, au ulikosa nini? Sajini alifikiri, akasema hakuna, ni mkate kama mikate, ila yeye hununua usiokatwa. Vipande vya mashine ni vyembamba, alieleza kwa uchungu, unaona mpaka upande wa pili.

Walikwenda hospitali mbio. Inspekta alipita kitanda hadi kitanda na swali moja tu, kama mkate ulikuwa umekatwa na mashine au haukukatwa. Uliokatwa, alijibiwa. Uliokatwa. Uliokatwa, na mwingine akaongeza kwamba hana kisu nyumbani. Kila jibu lilimpa nguvu, mpaka akafika kwa mama mmoja muuza mkaa, sauti imemkauka, akasema yeye alinunua usiokatwa. Sajini alishuka mabega. Wapelelezi wengi hapa wangejifanya hawakusikia, kwa kuwa jambo moja lisiloingia kwenye mstari huharibu mstari mzuri. Inspekta alivuta kiti. Alimwomba mama amsimulie asubuhi yake tangu alipofungua macho, na mama akasimulia, na katikati ya masimulizi akataja kwamba mkate wake hakuugusa. Jirani yake alikuwa amemletea vipande viwili vya wake kwenye kisahani, wanywe chai pamoja. Jirani ni yule pale kitanda cha pili. Mkate alioununua mwenyewe bado uko kabatini kwake.

"Ahsante, mama," Inspekta alisema. "Ugua pole."

Njiani alimwambia Sajini kwamba mfano unaokataa ndio rafiki wa kweli, kwa sababu ukiubana ukakubali, huhitaji mashahidi mia. Rafu za kupozea zilipokea mikate yote. Meza ya kufunga ilipokea mikate yote. Kituo kilichogusa mikate ya wagonjwa tu, na hakikugusa mwingine wowote, kilikuwa kimoja: mashine ya kukatia.

"Basi ni Mkataji," Sajini alisema, mikono inamwasha.

"Nani tena? Nimekuambia tunauliza wapi."

Mkataji alikuwa bwana mwembamba mwenye vidole virefu, na walimkuta barazani kwake amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hana kazi kwa kuwa kiwanda kimefungwa kwa lakiri ya polisi. Alipowaona alisimama, akakaa, akasimama tena. Inspekta hakumtisha. Alimwomba amfundishe mashine yake, toka mwanzo, kama anayemfundisha mgeni kazini. Mtu akiulizwa kazi yake hupata roho, na Mkataji akaanza kueleza, mikono yake ikikata hewa. Visu vyake ni vingi, vimesimama kama meno ya kitana. Kabla ya kazi hutiwa mafuta ili mkate usigande. Si mafuta ya mashine, alisisitiza, ni mafuta ya kula, na yako kwenye chupa yenye mdomo mrefu inayoning'inia ubavuni mwa mashine. Na anayeyatia lazima adondoshe tone la kwanza kwenye kidole chake na alirambe. Hiyo ilikuwa amri ya marehemu mwanzilishi wa kiwanda, baba yake Tajiri, tangu enzi za visu vya mkono. Usimtilie mtu kwenye chakula usichoweza kula wewe.

"Siku ile ulitia wewe?"

Mkataji alishusha mikono. Hapana. Alipofika alikuta yameshatiwa. Wiki nzima mashine ilikuwa ikipiga kelele kama mlango wa makaburini, na Fundi wa mitambo alishasema kuna chuma kimekufa, isitumike mpaka kipatikane kingine. Asubuhi ile ilikuwa kimya, inateleza. Akajua Fundi ameshughulika.

"Ukaonja?"

Alimtazama Inspekta kana kwamba ametukanwa. "Nionje kwa nini? Aliyetia ndiye aonjaye. Wa pili haonji. Ukionja baada ya mwenzako, umemwita mwongo mbele ya watu. Wamepigana watu pale kiwandani kwa jambo hilo."

Amri ya mzee marehemu ilikuwa njema, na heshima waliyoijengea juu yake ndiyo iliyofungua mlango. Inspekta aliuliza Fundi yuko wapi. Mkataji alijibu huku akitazama ardhi. Fundi alikuwa amesafiri kwenda kumzika mama mkwe wake, tangu siku moja kabla. Yeye Mkataji hakulijua hilo mpaka jioni, watu walipokwisha kulazwa.

"Na ukanyamaza."

"Nikisema ni mashine, afande, anakamatwa nani? Mashine?" Alirudi kukaa juu ya ndoo. "Nina watoto. Yule binti ananiita kaka. Sijalala."

Inspekta hakumlaumu kwa maneno, lakini pia hakumwambia si kitu. Aliuliza la mwisho, nani hufungua kiwanda alfajiri kabla ya wafanyakazi. Mkataji alijibu kwa sauti ya chini kwamba funguo ziko kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hampi mtu mwingine hata mke wake.

Sajini alitaka waende moja kwa moja wamtie Tajiri pingu. Inspekta alikataa. Kuwa na funguo si kosa. Walipita kiwandani, wakafungua lakiri, wakaiondoa ile chupa yenye mdomo mrefu kwa mkono wenye glavu na kuipeleka kwa mkemia wa serikali. Siku ya tukio polisi walikuwa wamechukua unga na donge tu, na chupa hakuna aliyeitazama. Tajiri naye hakupata nafasi ya kuigusa, maana wafanyakazi walijazana pale ukumbini tangu habari zilipoanza hadi mlango ulipofungwa. Mkemia aliinusa, akakunja pua, akasema majibu ya kusimama mahakamani ni kesho. Inspekta alimwambia kesho msichana atakuwa gerezani. Mkemia alijibu kwa upole kwamba vipimo vyake havisomi ratiba ya magari.

Basi Inspekta akaenda dukani, akanunua mafuta ya kula, akayatia kwenye chupa pacha iliyotoka stoo ya kiwanda, na akaitundika mahali pa ile ya kwanza.

"Sikiliza hatua," alimwambia Sajini. "Tunawaita wote. Kila mtu anafanya kazi yake kama asubuhi ile, haongezi, hapunguzi. Tukifika kwenye mashine ya kukatia pana njia panda. Akionja, si yeye, tunarudi nyuma hatua moja na kuanza upya. Akikataa, tunasonga mbele."

"Na kama anaogopa tu, afande? Hata mimi leo naogopa kila kitu cha kiwanda kile."

"Anaogopa nini? Mji mzima unajua sumu ilikuwa kwenye unga. Mafuta tunayajua wewe, mimi, Mkataji na mkemia. Asiyejua hana cha kuogopa."

Alimpigia Tajiri, akamwambia yuko tayari kuifunga kesi, bado jambo dogo la kutazama kazi inavyokwenda. Alimpigia Mkuu pia, akamwambia aje na hati yake. Mkuu alifurahi mpaka akamwita dada.

Ukumbi wa kiwanda ulikuwa mpana, sakafu ya saruji imeng'azwa na miaka ya unga na nyayo. Wafanyakazi walisimama na aproni zao. Mahali pa Mkandaji palikuwa patupu, na wenzake walipaacha hivyo hivyo, hakuna aliyekubali kusimama pale. Tajiri aliingia na Mkuu, wamevaa suti, wananong'onezana. Inspekta alieleza utaratibu, na mazoezi yakaanza. Mtu wa ghala alibeba gunia lisilokuwepo. Mzee wa tanuri, ambaye kiwanda kizima humwita Baba Mdogo kwa kuwa ni mdogo wa marehemu mwanzilishi, alifungua mlango wa chuma na kuingiza koleo lake refu. Mikate ya kufikirika ikapozwa kwenye rafu. Mkuu alitazama saa.

Wakafika kwenye mashine ya kukatia.

"Nani alitia mafuta siku ile?" Inspekta aliuliza, sauti ya kawaida, kama anayeuliza nani ana kiberiti.

Mkataji alisema alikuta yameshatiwa. Mtu akakumbusha kwamba Fundi alikuwa msibani. Kimya kikaanza kuvimba, na Inspekta akakiacha kivimbe. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba labda humu hamna mwingine anayeijua kazi hiyo.

Tajiri alitabasamu. Alikuwa na kiburi kimoja, na watu wote walikijua. "Hakuna kazi humu nisiyoijua," alisema. "Nilitia mimi. Kulikuwa na oda kubwa, nikatangulia kuandaa. Mafuta yale yale ya siku zote."

"Vizuri. Tuonyeshe kama ulivyofanya."

Alivua koti, akalikabidhi kwa Mkuu. Akaitungua chupa, akainamisha ule mdomo mrefu, akapita kisu kwa kisu kwa mkono wa mtu aliyekulia hapo. Alifanya vizuri. Alipomaliza aliitundika chupa na kupangusa vidole kwa leso, vidole vyote, mpaka kwenye kucha. Wanawake wa meza ya kufunga walitazamana.

"Umeruka hatua, mzee," Inspekta alisema.

"Hatua gani?"

"Tone la kwanza."

Tajiri alicheka kicheko kifupi. Alisema hayo ni mambo ya wazee, hapa tunaigiza tu, na tumbo lake halipo sawa tangu jana. Mkuu aliingilia kati, akasema Inspekta anamvunjia mtu heshima na hayo mazoezi yamekwisha. Akatoa hati mfukoni. "Saini."

"Sisaini. Nitasimama na baiskeli zako mpaka zioze, afande, lakini hii sisaini." Akamgeukia Tajiri. "Umeonja mafuta haya tangu hujaota meno. Siku ile ulionja?"

"Nilionja, bila shaka."

"Basi onja na leo. Tone moja, tufunge kesi."

Mkono wa Tajiri haukuinuka. Leso aliishika kama mtu aliyeshika kamba. Inspekta aliitungua chupa, akadondosha tone kwenye kidole chake mbele ya macho yake, akalilamba na kumeza. Tajiri alimtazama akimeza. Midomo yake ilifunguka kidogo, kisha akaifunga, akanyamaza. Inspekta aliuona ukimya ule na damu ikampanda. Mtu huyu alikuwa tayari kumtazama afe.

Hapo ndipo Mkataji alipotoka kwenye mstari. Alinyoosha kidole kirefu, akapokea tone, akaonja mbele ya tajiri yake. Ukumbi mzima ulivuta pumzi, maana wote walijua anachokisema bila kufungua kinywa. Nyuma yake akaja mtu wa ghala. Akaonja. Wakaja wanawake wa kufunga, mmoja mmoja, mkubwa wao akimtazama Tajiri usoni tone likiwa ulimini. Tajiri alirudi nyuma hatua moja, akagota kwenye rafu.

Wa mwisho alikuwa Baba Mdogo. Aliliegemeza koleo lake ukutani, akajikongoja mpaka kwenye mashine.

"Kaka yangu alisema wa pili haonji," alisema. "Nimeishika amri hiyo maisha yangu yote. Leo naivunja."

Akanyoosha kidole, tone likaanguka, akakipeleka mdomoni.

"Baba mdogo, usionje," Tajiri alisema. Alimrukia, akaushika ule mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Usionje. Ni ya jenereta."

Tajiri alibaki ameukumbatia mkono wa yule aliyembeba mgongoni utotoni, na maneno yakamtoka yenyewe, hayangoji maswali. Mafuta ya kula yalikuwa yamekwisha. Mashine inapiga kelele, oda inangoja, Fundi hayupo. Kopo lilikuwa pale kwenye jenereta, mafuta yaliyokwisha kutumika, akaona kidogo tu hayadhuru. Watu walipoanza kuugua aliogopa. Sumu ya panya iko stoo siku zote, na yule msichana alikuwa ameshasema maneno mbele ya watu.

"Kwa hiyo ukatukabidhi yeye," Inspekta alisema.

Baba Mdogo aliuchomoa mkono wake polepole, akatazama kidole chake, kisha akakilamba.

"Ni mafuta ya dukani, mzee," Inspekta alimwambia Tajiri. "Nimenunua mwenyewe leo. Ungeonja, ningekuomba radhi mbele ya watu wote hawa."

Watu wakamgeukia Mkuu. Alikuwa bado amelishika koti la Tajiri mkono mmoja na hati mkono mwingine, na hakuna aliyempunguzia macho. Alisimama hivyo kitambo. Kisha akaliweka koti sakafuni, akasogea kwenye mashine, akamnyooshea Inspekta kidole. Inspekta akadondosha tone. Mkuu wa upelelezi akaonja, akameza, na akajifutia kidole kwenye hati ya mashtaka, mbele na nyuma, mpaka wino ukachafuka.

"Pigeni simu kituoni," alisema, hamtazami mtu. "Yule binti afunguliwe."

Sajini, simu mkononi, alikohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

"Samahani, afande. Nimeshapiga, wakati unafikiria. Yuko kwenye benchi na mama yake. Ila dereva wa gari la mahabusu anauliza kama aondoke tupu."

Inspekta alitundika chupa mahali pake.

"Mwambie asubiri," alisema. "Tunampelekea abiria."